Dakika za Tumu

Mimi hujiandaa kwa dakika kumi na nne.
Nimezihesabu. Mtu aliyeishi miaka ishirini na sita
nje ya mlango wa bafu, ndoo mkononi, kanga kifuani,
hujifunza kuhesabu.
Sita za kuoga, tatu za nguo, mbili za ushungi,
pini moja tu chini ya kidevu, basi;
tatu za chai ya rangi, nikiwa wima
kama farasi.

Zilizobaki zilikuwa za Mwanatumu, dada yangu.

Yeye alianza kabla ya kuamka.
Usiku alitandaza gauni juu ya kiti,
akalihoji, akalikunja, akatandaza jingine.
Saa kumi na moja unusu alikuwa bafuni
akijimwagia maji tuliyonunua kwa wa mkokoteni,
kata moja moja, taratibu, kama anayenywesha mche.
"Tumu!"
"Naja."
Hiyo "naja" yake ilikuwa na vyumba vitatu na ua.

Kisha mafuta ya nazi, visigino kwanza.
Kisha chetezo, buibui likifukizwa udi
hadi paka wa jirani apige chafya.
Kisha wanja. Jicho la kushoto lilikubali upesi;
la kulia lilikuwa na maneno.
Akipaka, akifuta, akipaka,
nami kizingitini, viatu miguuni, mkoba begani,
najifanya siitazami saa.

"Haraka haina baraka, Saumu," aliniambia kupitia kioo.
"Na ngoja ngoja je?"
"Hiyo yaumiza matumbo. Mimi nashughulikia uso."

Alikuwa mapokezi kwa daktari wa meno, barabara ya Moi.
Mwenye jino bovu, alisema, huniona mimi kwanza;
nikikaa ovyo, atadhani ameshakufa.
Mimi napima sampuli za chai ghalani Shimanzi.
Majani hayajali nimevaa nini.
Siku nyingi nilichelewa kwa sababu ya nyusi za mtu mwingine.
Msimamizi wetu, Bwana Kalume, aliacha kuuliza.
Aliandika tu kwenye daftari: dada.

Mwaka huu, Mfunguo Pili, akiwa na miaka arobaini na tisa,
Tumu aliolewa na Kassimu Mwachirumu wa Mtongwe,
fundi saa.
Ndiyo, fundi saa. Nilicheka hadi nikakaa chini.
Siku ya harusi siisimulii. Pilau ilipoa mara mbili.
Akavuka na masanduku mawili, chetezo, na kioo.

Jumatatu ya kwanza niliamka saa kumi na moja unusu,
nikasimama nje ya mlango na ndoo yangu,
nikangoja.
Hakukuwa na mtu ndani.
Niligonga.

Saa kumi na mbili kasorobo nilikuwa tayari.
Dakika arobaini na tano, mali yangu halali,
nilizozidai tangu ujana.
Nikakaa kwenye kigoda ukumbini, mkoba mapajani.
Nikasikia friji. Nikasikia muuza mahamri
akipita uchochoroni, akirudi.
Nilistahimili robo saa, nikatoka.
Nilifika Shimanzi kabla ya bawabu.
"Wewe mgonjwa?" Bwana Kalume akauliza.

Ikawa hivyo siku tisa.
Ya kumi simu ikalia.
"Saumu, ile pini ya kichwa cha lulu, u nayo?"
"Iko ndani ya kopo lako la wanja."
"Basi usikate. Kassimu ashatoka, ati hawezi kungoja.
Hebu nambie: buluu au zambarau?"

Nikavua kiatu kimoja.
Nikaiegemeza simu kwenye kopo la sukari.
Upande wa pili wa maji kabati lilifunguka, likafungwa,
mkaa wa chetezo ukapasuka,
kikaja kimya cha jicho la kushoto,
kisha kimya kirefu zaidi, cha lile la kulia.

"Tumu, feri!"
"Naja."

Kwenye daftari leo, mbele ya jina langu,
wino haujakauka:
dada.